Paladini ndani ya mji wa waovu: jinsi ya kumwendesha bila kuvunja meza

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna swali nimeulizwa si chini ya mara tatu na watu wanaocheza ile michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa Dungeons & Dragons. Ufanyeje pale mchezaji wako mmoja ana mhusika wa aina ya paladini, yaani askari wa haki aliyekula kiapo, halafu hadithi inaingia kwenye mji ambao waovu ndio serikali? Nimeona niandike yote ninayoyajua mahali pamoja ili mtu akiuliza tena nimwelekeze hapa. Mimi si mtaalamu, nimeishia form six, ila mchezo huu nimeuendesha miaka kadhaa. Na kosa la mada hii nimelifanya mwenyewe, tena kubwa, likanigharimu rafiki kwa miezi miwili. Nitalisimulia huko chini.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, ni hivi. Watu wanne watano wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni mwendesha mchezo: anaeleza mnachokiona na anaigiza kila mtu mwingine wa dunia ile, awe mlinzi, muuza samaki, mfalme au jini. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake mmoja tu, anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale jambo lina mashaka, unarusha dadu ya pande 20. Hakuna mshindi kama kwenye bao au karata. Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na mpaka leo ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake.

PALADINI NI NANI HASA?

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, palatinus, maana yake mtu wa ikulu. (Ndiyo, ukifuata asili ya neno, paladini wa kwanza alikuwa mtu wa serikali. Hilo liweke akilini, litatufaa mbele.) Hadithi za Ulaya ya zamani ziliwaita hivyo mashujaa 12 wa mfalme Charlemagne, na maarufu kuliko wote ni Roland, aliyeuawa kwenye njia ya mlimani ya Roncevaux mwaka 778. Kwenye mchezo aliingia mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Sura yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye riwaya ya Poul Anderson iitwayo Three Hearts and Three Lions, iliyotoka kama kitabu mwaka 1961.

Kitabu cha wachezaji cha 1978 ndicho kilichomfunga kamba kweli kweli. Paladini lazima awe binadamu, lazima awe mwema na mfuata sheria, na alama yake ya mvuto isipungue 17. Hawezi kulimbikiza mali, lazima atoe sehemu ya kumi ya mapato yake, na vifaa vya kichawi visizidi 10. Kwa malipo ya hayo anaponya watu kwa kuwawekea mikono, hapatwi na maradhi, na ananusa uovu umbali wa futi 60. Akifanya kwa kujua jambo la kuvunja utaratibu, anaungama kwa kuhani wa ngazi ya juu na kufanya kitubio. Akifanya uovu kwa kujua na kwa kupenda, basi, upaladini umekwisha milele, hakuna kurudi.

Kitabu cha 2000 kililegeza kidogo. Kila jamii ikaruhusiwa, siyo binadamu peke yake, na aliyeanguka anaweza kurudishwa kwa toba. Masharti ya kiapo yalikuwa haya: aheshimu mamlaka halali, asiseme uongo, asidanganye kwenye shughuli wala kutumia sumu, asaidie wenye shida, aadhibu wanaowadhuru wasio na hatia. Kuna neno moja kwenye kipengele cha adhabu ambalo watu wengi wanalipita haraka haraka, mimi nikiwemo. Nitalirudia.

Mwaka 2008 walilegeza mno kwa maoni yangu: paladini wa mwelekeo wowote ilimradi ulingane na wa mungu wake, na nguvu zake hazivuliwi. Mwaka 2014 wakaja na kitu kizuri zaidi, viapo vya aina tofauti. Kuna kiapo cha Ibada, ambacho ndicho kile cha kizamani: ukweli, ujasiri, huruma, heshima, wajibu. Kuna cha Kale, cha watu wa kulinda uhai na furaha. Na kuna cha Kisasi, ambacho kinaruhusu karibu njia yoyote ili kumfikia adui mkubwa. Vitabu vya baadaye viliongeza vingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla hujachora hata ramani ya mji, muulize mchezaji wako: paladini wako ni wa kitabu kipi na kiapo kipi? Wa Kisasi na wa Ibada wakisimama kwenye lango moja wanaona miji miwili tofauti.

MJI MWOVU UNA SHERIA PIA

Wengi wanadhani mji mwovu ni vurugu tu, damu mitaani. Hapana. Mji wa vurugu hauwezi hata kuingiza chakula. Mfano maarufu ni Menzoberranzan, mji wa watu wa jamii ya drow ulio chini ya ardhi, ambao R. A. Salvatore aliueleza kwa kirefu kwenye riwaya yake Homeland ya mwaka 1990. Wanamwabudu Lolth, mungu mke wa buibui. Wanaotawala ni akina mama wakuu wa koo, na koo nane za juu ndizo zenye viti kwenye baraza. Saa yao ni nguzo ya mawe iitwayo Narbondel, ambayo mchawi mkuu anaitia joto kila siku.

Sasa sikia sheria yao. Ukoo mmoja ukitaka kuufuta ukoo mwingine, unaweza, ila usibaki hata mtoto mmoja wa kiungwana wa kushitaki. Akibaki mmoja akasimama mbele ya baraza, basi ukoo uliovamia unafutwa wenyewe. Yaani kosa siyo kuua, kosa ni kuacha shahidi. Kila mtu anajua nani alifanya nini, na hakuna anayesema.

Huu ndio mji mgumu kwa paladini, na ndio mtamu. Linganisha na Dis, mji wa chuma wa mashetani kule kwenye tabaka la pili la Jehanamu ya mchezo huu. Pale karibu kila unayekutana naye ni adui, kazi ni kupita na kutoka hai, hakuna mjadala. Menzoberranzan kuna watu. Kuna watumwa, kuna mafundi, kuna watoto, kuna akina Drizzt Do'Urden na baba yake Zaknafein, ambao wamezaliwa humo humo na roho zao zinakataa. Paladini akiingia huku anakutana na swali ambalo upanga haulijibu.

Jambo moja kabla sijaendelea. Miji hii mara nyingi ina utumwa ndani yake. Sisi wa pwani hii hilo si la hadithi tu, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hata vizazi havijapita vingi. Kabla ya kuanza, waulize wachezaji wako ni nini hawataki kukiona mezani. Wengine wanaweka kadi yenye alama ya X katikati ya meza; ukiigusa, tukio linarukwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Usidhani kuuliza ni uoga. Mezani kwangu dada mmoja alisema mnada usionyeshwe, useme tu kwamba upo, na mchezo haukupungua kitu.

PUA YA PALADINI

Tatizo la kwanza huwa ni huu uwezo wa kunusa uovu. Mchezaji anaingia sokoni anasema, "Nanusa." Wewe unajibu wote wanatoa harufu. Anachomoa upanga. Mchezo umekwisha dakika ya kumi.

Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni la kanuni. Kwenye vitabu vya 2000 na marekebisho yake ya 2003, kunusa siyo kufumba na kufumbua. Mzunguko wa kwanza, ambao ni sekunde 6, unajua tu kama uovu upo au haupo. Wa pili unajua ni wangapi na wa nguvu kiasi gani. Wa tatu ndio unajua yuko wapi nani. Muda wote huo unakaza akili, umesimama katikati ya barabara unamkodolea mtu macho kama mgeni wa mji. Futi moja ya jiwe inazuia, na hata bati jembamba la madini ya risasi linazuia, kwa hiyo tajiri yeyote mwenye akili ameshaweka bati hilo kwenye kuta za chumba chake. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: kwa marekebisho ya 2003, paladini wa ngazi ya 5 akinusa mbele ya kuhani mwovu wa ngazi ya 11, anapigwa bumbuwazi mzunguko mzima, kwa sababu uovu ni mzito kupita kiasi na mwenye nao amemzidi ngazi mara mbili. Kwenye mji wenye hekalu la Lolth, kunusa ovyo ni hatari kwa mnusaji. Na kwenye kitabu cha 2014 pua imebadilika kabisa: kwa upande wa viumbe, inanusa mashetani, malaika na maiti zinazotembea tu. Binadamu au drow mwenye roho mbaya hanuki.

La pili ndilo kubwa. Uovu wa moyoni siyo kosa la jinai. Yule muuza samaki ana roho mbaya kweli, anampiga kijana wake wa kazi na anachezea mizani. Sasa paladini amuue? Kiapo kinasema aadhibu wanaodhuru, hakisemi achinje kila anayenuka. Mchezaji akilielewa hili mapema, nusu ya ugomvi imekwisha. Mimi huwa nasema wazi kabla ya kuanza: pua inakuambia nani wa kumwangalia kwa makini, haikupi hukumu.

MAMLAKA HALALI NI YA NANI?

Kumbuka lile neno "halali" kwenye kiapo cha mwaka 2000. Kuna waendesha mchezo wanapenda kumbana paladini: "Sheria ya mji inasema mtumwa aliyetoroka arudishwe, na wewe ni mfuata sheria, mrudishe." Huo ni mtego wa kitoto. Kiapo kinadai heshima kwa mamlaka halali, na anayepima uhalali ni mungu wake na utaratibu wake, siyo bango la langoni. Ila usiende upande wa pili ukasema basi sheria zote za mji ni takataka. Ushuru wa lango je? Amri ya kutowasha moto karibu na ghala? Hizo zinalinda na wanyonge pia. Paladini mzuri analipa ushuru, anazima moto, na mtumwa harudishi. Hapo kuna mhusika kabisa.

Na hapa ndipo lile neno la ikulu linapoingia. Paladini si mhuni wa kujiamulia. Ana waliomtuma. Andika kwenye karatasi, mistari mitatu inatosha: nani alimtuma mji huu, kumfanya nini, na akirudi atatoa taarifa kwa nani. Ukishakuwa na hiyo karatasi, mchezaji hajiulizi "je, nisafishe mji mzima?" Hakutumwa kusafisha mji. Ametumwa kumtoa mfungwa mmoja, au kumlinda shahidi mmoja. Hayo mengine anayaona, yanamuuma, anayaandika kwa ajili ya siku nyingine. Kuuma huko ni sehemu ya mchezo.

NILIVYOVURUGA MWENYEWE

Sasa ile hadithi. Tulikuwa tunacheza sebuleni kwa shangazi yangu, Dar, kila Jumamosi, kwa kanuni za mwaka 2000 zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Paladini alikuwa mshikaji wangu mmoja, konda wa daladala. Kuna siku nilimuuliza kwa nini kila mchezo anachagua paladini wakati kuna wachawi na majambazi wa kuvutia kibao. Akanijibu, "Kaka, mimi kutwa nzima niko mlangoni napiga kelele siti zipo, na siti hakuna. Jumamosi nataka masaa manne ya kuwa mtu asiyesema uongo."

Kundi liliingia Menzoberranzan kama wasindikizaji wa mfanyabiashara. Ndani ya mji paladini akamkuta mtoto mtumwa ametoroka, amejificha nyuma ya mapipa. Akamfunika kwa joho lake, akatembea naye. Mimi nikaleta mlinzi. Mlinzi akauliza, "Huyo mtoto ni wa nani?" Jamaa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni wangu."

Nikafunga kitabu kwa madaha. Nikamwambia mbele ya wote: umesema uongo, kiapo kimevunjika, nguvu zako zimeondoka sasa hivi. Mlinzi hakuamini, mapigano yakaanza, mtoto akachomwa mkuki. Paladini akamwekea mikono. Nikasema hakuna kinachotokea.

Hakubishana. Alikusanya dadu zake, akamuaga shangazi, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Nilimpigia, simu inaita tu. Wenzangu wakaanza kusema eti ni mchezo tu, amekuwa mtoto. Mimi mwenyewe nilisema hivyo wiki kama mbili.

Kilichonigeuza ni kusoma upya ile fotokopi. Lile neno nililosema watu wanalipita: kitabu cha 2000 hakisemi paladini anapoteza nguvu akivunja kiapo. Kinasema akifanya uovu kwa makusudi, au akikivunja kiapo uvunjaji MKUBWA. Uongo wa maneno mawili wa kumwokoa mtoto ni uvunjaji, sawa, lakini mkubwa? Tena kiapo hicho hicho kinamwamuru kusaidia wenye shida. Nilisoma neno uongo nikaacha neno mkubwa. Na hata bila kanuni, nilikuwa nimepanga tukio lenye milango miwili tu, kusema uongo au mtoto afe, halafu nikamhukumu kwa kupita mmojawapo. Huyo mtu alikuja mezani kwangu kupumzika na uongo, mimi nikamwita muongo.

MITEGO NA GHARAMA

Tangu hapo nina kanuni moja: gharama ruksa, mtego marufuku. Gharama ni kwamba kila njia aliyonayo inamgharimu kitu na anajua kabla ya kuchagua. Mtego ni kwamba kila njia inamvua kiapo, na wewe ndiye uliyezijenga njia zote.

Ukiona paladini anakaribia kukosea, mwambie kabla, siyo baada. "Unahisi mkono wako unakuwa baridi kwenye upanga. Kiapo chako hakipendi hili. Unaendelea?" Mhusika ameishi na kiapo miaka yote hiyo, anajua mipaka kuliko mchezaji anayecheza mara moja kwa wiki. Kumnyima onyo ni kumfanya mhusika mjinga. Akiendelea, mpe uzito unaolingana na kosa. Kitabu cha 2014 kina utaratibu mzuri wa hili: anaungama kwa kuhani wa imani yake au paladini mwenzake, anakesha usiku mzima akisali, au anafunga, kisha anaanza upya. Ni yule asiyejuta kabisa ndiye anayefikia kuacha upaladini au kuwa mvunja kiapo. Na sasa fikiria kuungama huko ndani ya mji mwovu: kuhani wa imani yako yuko wapi? Labda yupo mmoja, amejificha kwa fundi viatu. Umeshapata hadithi ya Jumamosi mbili.

Kuhusu wenzake kwenye kundi, nitasema kifupi. Kuna mchezo mchafu wa zamani: paladini anatumwa nje akaangalie farasi, waliobaki ndani wanamtesa mfungwa. Wote wanacheka isipokuwa mmoja. Maliza hilo kabla ya kuanza. Kama mtu anataka kucheza muuaji wa kukodiwa na mwingine paladini wa Ibada, wakae wakubaliane kwanza, au mmoja abadilishe mhusika. Dadu hazitatui hilo.

MPE KAZI INAYOMFAA

Mwendesha mchezo anaangalia mji mwovu akaona kila kitu kinamzuia paladini. Geuza. Katika mji ambao kila mtu anadanganya, mtu asiyeweza kudanganya ana thamani kuliko dhahabu. Nani atashika dhamana wakati koo mbili zinabadilishana mateka? Nani atatunza hati ambayo pande zote mbili zinaiogopa? Muovu mwenye akili anamtafuta paladini huyu usiku, kwa siri, kwa sababu ndiye pekee atakayelirudisha lile sanduku bila kulifungua. Paladini wangu mmoja aliishi wiki tatu za mchezo akiwa mshika amana wa koo mbili zinazochukiana, akalindwa na zote mbili, na muda wote huo anawatoa watumwa kupitia mlango wa nyuma.

Ukweli wenyewe ni silaha pia. Rudi kwenye sheria ya Menzoberranzan: ukoo unaanguka akipatikana shahidi wa kiungwana atakayesimama mbele ya baraza. Paladini haruhusiwi kumtungia mtu ushahidi wa uongo. Haitaji. Amtafute mtoto aliyesalimika, amlinde, amfikishe mbele ya baraza. Mji utafanya uliobaki wenyewe, kwa sheria yake yenyewe, na hapo ndipo mchezaji anaanza kuogopa alichokifanya. Baraza lile halifuti nusu nusu. Watumwa wa ukoo ule wataenda kwa nani? Swali kama hilo linachukua jioni nzima, na hakuna mtego ndani yake.

Mimi nikiandaa mji wa aina hii, kila mtaa naandika watu wawili wanaoweza kuokolewa na mwovu mmoja anayetimiza ahadi zake. Huyo wa mwisho usimsahau. Paladini anajua kupambana na mwovu muongo, lakini mwovu mwenye neno lake moja anamkosesha usingizi.

ALIPORUDI

Nilimfuata konda wangu kituoni, saa tatu usiku, gari lake la mwisho. Nilipanda, nikalipa nauli, nikakaa karibu na mlango. Nikamwambia nilisoma vibaya, na kwamba hata kama ningesoma vizuri nilikosea. Akaendelea kuita abiria. Tulipofika mwisho wa njia akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto amekufa au hajafa?"

Nikamwambia tunarudia kuanzia kwa mlinzi.

Jumamosi alikuja. Wote tulikaa vile vile, umeme ulikuwa umekatika, tukawasha taa ya chemli. Nikasema, mlinzi anakuangalia, anaangalia joho, anauliza: "Huyo mtoto ni wa nani?"

Alikaa kimya muda mrefu mpaka shangazi akatoka jikoni kuangalia kulikoni. Kisha akasema, "Hana mwenyewe."

Ni kweli tupu, na kwenye mji ule ni maneno ya kukufanya uuawe. Mlinzi alicheka, akamwita mwenzake aje asikie. Jamaa akashika dadu. Ilitoka 4.

Mtoto alitoka mjini akiwa hai, paladini hakutoka. Yuko kwenye mahabusu ya ukoo wa tatu mpaka leo tunavyoongea, nguvu zake zote anazo, na anaponya wafungwa wenzake mmoja mmoja kila siku. Wadau mnaoendesha michezo, kama mna njia ya kumtoa isiyohitaji uongo wekeni kwenye maoni. Konda ameniambia anasoma yote.